Samaki Wakali Hawachaguliwi kwa Rangi: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Asubuhi fundi wa matangi hutoka Kawangware, akavuka kuingia Lavington na ndoo, mpira wa maji na vitambaa, kwenda kusafisha tangi la mtu asiyejua jina la samaki wake hata mmoja. Mwenye tangi hununua kwa macho. Samaki wakifa, anayeulizwa ni fundi. Kwa hiyo masharti haya ni ya fundi kwanza, kisha ya mwenye kinyozi kule Gatina au mwenye kibanda cha chakula karibu na soko la Toi anayetaka tangi lake mwenyewe la samaki wakali wa bahari. Nimeyaandika kwa ukali kwa sababu samaki hawa hawakuzaliwa dukani. Wametolewa kwenye matumbawe ya Pwani yetu, na kila anayefia Nairobi kwa uzembe amepotea bure.

Pima tangi kabla ya kutaja samaki. Samaki aitwaye kikande, akiwa mmoja wa wastani, anataka lita 400 kwenda juu. Lita 400 ni mitungi 20 ya lita 20, na kwa kuwa maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, utahitaji kilo 14 za chumvi ya akwariamu ili ujaze mara moja tu. Kisha kila wiki ukibadilisha lita 60, hiyo ni mitungi mitatu na kilo mbili nyingine. Kama kwako Laini Saba maji hukauka siku nne, fanya hesabu hiyo leo. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, haina madini ambayo samaki wa bahari anayahitaji.

Usipandishe tangi hilo ghorofani bila kuuliza mwenye nyumba. Maji peke yake yanazidi kilo 400, bado vioo, mawe na meza.

Pima mdomo, usipime rangi. Hili ndilo sharti kuu, na lingevunjwa mara chache kama watu wangekumbuka jinsi chewa anavyokula. Chewa hatafuni mawindo yake, huyameza. Samaki yeyote anayeingia mdomoni mwake ni chakula, hata kama wamelala pembeni mwa jiwe moja miezi mitatu. Samaki-simba, yule mwenye mapezi marefu kama manyoya, ni hivyo hivyo: mpole kwa kumtazama, hagombani na mtu, lakini usiku hummeza jirani mdogo bila kelele. Mtu huamka, akahesabu, akadhani samaki ameruka nje. Ukimweka mmoja wao, kila mwenzake awe mkubwa kiasi cha kutomezeka, na uangalie umbo pia, kwa maana samaki mwembamba mrefu humezeka hata akiwa na urefu wa kukudanganya.

Usinunue chewa mchanga bila kujua atakua kiasi gani. Wako wa aina ndogo, kama yule mwekundu mwenye vitone vya buluu, ambaye huzidi kidogo sentimita 40. Wako pia wanaopita mita moja. Wakiwa na urefu wa kidole, muuzaji atakuambia wote ni sawa.

Usimweke kikande pamoja na samaki-simba. Mteja wangu mmoja alisisitiza. Alitaka mapezi yale marefu yapepee kando ya kikande wa rangi, nami nilikuwa mgeni katika kazi, nikaogopa kumkatalia. Siku ya kwanza walitazamana. Siku ya tatu asubuhi samaki-simba alikuwa amejibana kwenye kona, mapezi yamebaki vijiti vitupu. Kikande alikuwa anayauma moja moja, jinsi anavyouma miiba ya shokomwamba baharini kabla ya kumpindua na kumla. Hakuwa na ubaya wowote. Alifanya alichoumbiwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijamkubalia mteja jambo ambalo najua litaua. Ogopa pia bunju kwa sababu hiyo hiyo: meno yake hukua bila kukoma, na pezi refu linalopepea humvuta.

Jua ni kikande gani unaletewa. Jina hili moja hubeba tabia tofauti sana. Yule wa buluu-zambarau mwenye meno mekundu ndiye mpole kuliko wenzake, na kama ni lazima uchanganye, mchague huyo. Yule wanayemwita Picasso yuko katikati: akiwa mdogo anavumilika, akikua anatawala. Mwenye madoa makubwa meupe tumboni anaweza kuishi vizuri na wenzake mwaka mzima kisha akawamaliza kwa wiki moja. Mwenye mistari ya rangi ya chungwa mwilini mzima, huyo mpe tangi lake peke yake. Usibishane nami juu ya huyo.

Usianzishe tangi kwa samaki aitwaye kifuu. Wengi humnunua kwa sababu ni wa bei nafuu na hafi haraka. Ni mdogo, lakini akishashika jiwe lake hufukuza kila mgeni anayeletwa baadaye, na kumtoa kutakulazimu ubomoe mawe yote. Tangi jipya halihitaji samaki wa kujaribia. Linahitaji wiki nne hadi sita za kungojea, mpaka bakteria waweze kugeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti. Pima kwa vipimo vya dukani. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, ndipo ulete samaki.

Waingize kwa zamu: mpole kwanza, mkali mwisho. Aliyetangulia hujiona mwenye nyumba. Ukimtanguliza kikande, kila anayefuata atapokelewa kwa meno. Siku ya kumwingiza mgeni, hamisha mawe ili mipaka ya zamani ipotee, lisha wenyeji kwanza, zima taa, na ukae hapo. Kaa saa mbili. Uwe na kipande cha plastiki chenye matundu cha kugawa tangi endapo vita vitaanza.

Usiweke wawili wanaofanana. Samaki mkali humchukia zaidi anayefanana naye kwa umbo, rangi au chakula. Kangaja wawili wa buluu katika tangi la mita moja na nusu watakatana, na kangaja ana kisu cha kweli kwenye shina la mkia. Kitatange wawili, vivyo hivyo.

Funika tangi la mkunga. Mkunga wa madoa meusi na meupe, anayekula kaa na kamba, ni mwenzi mzuri wa samaki wakubwa kwa sababu hana haja nao. Lakini atapita kwenye tundu la waya wa hita, na utamkuta sakafuni amekauka. Na kamba na kaa wa mapambo usiwaweke kabisa katika tangi la namna hii. Wataliwa.

Ukiniuliza mimi, tangi la lita 700 ningeliwekea wanne tu, kwa mpangilio huu: mkunga wa madoa, tafi mmoja ambaye miiba yake ya sumu humpa heshima, kitatange mmoja, na mwisho kikande mwenye meno mekundu. Wanne. Tangi litaonekana tupu kwa mwezi wa kwanza, na mwenye tangi atalalamika.

Kumbuka kuwa Nairobi si Mombasa. Tuko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yale yale yakiwa Likoni. Samaki wakubwa wakali hula sana, huchafua sana na huvuta pumzi nyingi. Stima ikipotea usiku, tangi lenye samaki wengi linaweza kufa kabla ya mapambazuko. Uwe na pampu ya hewa ya betri, iliyojaribiwa. Julai uwe na hita, maana samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27 na chumba cha mabati usiku wa Julai hakikaribii hapo.

Usichukue maji kwa mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au sabuni. Usiwashe dawa ya mbu wala kupuliza dawa ya mende chumba kilipo tangi. Pampu huvuta hewa hiyo na kuipeleka majini.

Mpokee samaki wa basi kwa uangalifu. Amesafiri kutoka Mombasa usiku kucha karibu kilomita 480, na mfuko utafika umevimba kama mpira kwa sababu ya mwinuko. Mfuko uelee majini ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukishaufungua, usiuache. Ndani ya mfuko pumzi ya samaki imeyafanya maji kuwa na asidi, na asidi hiyo imepunguza makali ya amonia. Hewa ikiingia, makali yanarudi. Linganisha chumvi, mtoe, na maji ya mfuko yamwage nje. Kisha akae peke yake wiki nne katika tangi la kando, ukitafuta madoadoa meupe kama punje za chumvi. Ugonjwa huo ukiingia tangi kubwa, hauchagui mkali wala mpole.

Usimfuge samaki-simba katika nyumba ya chumba kimoja yenye watoto. Akimchoma mtu, zamisha sehemu hiyo katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, na umpeleke hospitali.

Muulize muuzaji samaki ametoka wapi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968, na humo hakuna ruhusa ya kukamata samaki. Mkamataji halali ana kibali cha idara ya uvuvi na ataitaja sehemu yake bila kusita. Muuzaji asiyeweza kujibu, mkatie simu.

Na samaki aliyekushinda kumfuga usimrudishe baharini wala kumtupa mtoni. Mwaka 1985 samaki-simba alionekana pwani ya Florida, Marekani, mahali ambapo si kwao, na inaaminika samaki hao walitoka kwenye matangi ya watu. Leo wamejaa Karibea wakimeza vifaranga vya samaki wa huko. Mpe fundi mwenye tangi kubwa.

Ndugu yangu, bosi akikuambia uongeze samaki wa tano ili tangi lichangamke, mwambie hapana na umweleze kwa nini. Kabla hujatuma pesa Mombasa, andika kwenye karatasi majina na urefu wa waliomo tayari, umsomee muuzaji mmoja baada ya mwingine.