Mkutano Mkuu wa Kijiji: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Nachingwea na Ruangwa

Mkazi wa Nachingwea au Ruangwa haombi kibali cha mtu ili aseme. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 imempa uhuru wa maoni, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 imempa mahali pa kuutumia: mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa tangu 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuiruhusu tarehe 3 Januari 2023. Kilichofungwa kwa tamko na kufunguliwa kwa tamko chaweza kufungwa tena. Lakini mkutano wa kijiji umesimama juu ya sheria. Ukifa, umekufa mikononi mwetu. Kwa hiyo haya yasomwe na mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), na kila anayekaa chini ya mwembe kusikiliza.

Itisheni mkutano kwa kalenda ya shamba. Mwezi wa Mei watu wako kwenye ufuta, na wengine wamehamia kabisa vibandani huko mashambani. Oktoba wanaokota korosho. Ukiita mkutano siku hizo saa nne asubuhi, kisha ukaandika kwamba wananchi hawana mwamko, umewasingizia. Tangazeni wiki nzima kabla: ubao wa kijiji, msikitini, kanisani, kijiweni kwa bodaboda. Tangazo la kundi la WhatsApp peke yake halitoshi, kwa sababu bibi mwenye simu ya tochi naye ni mjumbe wa mkutano huo.

Msialike mgeni rasmi. Itifaki, ngoma na salamu zake zitakula saa mbili, naye ataondoka kabla ya swali la kwanza.

Msivae sare za chama. Msifungue mkutano kwa kaulimbiu ya chama chochote.

Msizike hoja za wanakijiji kwenye “Mengineyo”. Kila aliyewahi kukaa kwenye mikutano yetu anaijua ajenda hiyo ya mwisho: jua linazama, kina mama wameshaondoka kwenda kupika, na mwenyekiti anasema tufupishe. Mnaopanga ajenda mnajua mnachofanya. Maswali ya wananchi yawe ajenda ya pili, mara baada ya muhtasari wa mkutano uliopita.

Someni mapato na matumizi kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na karatasi ibandikwe ukutani siku hiyohiyo. “Fedha zilitumika kwa ujenzi wa darasa” si taarifa. Semeni mifuko mingapi ya saruji, ilinunuliwa wapi, kwa bei gani, nani aliipokea. Na AMCOS nao, kwenye mikutano ya wanachama wao, wafanye vivyo hivyo: kila kato linalotolewa kwenye kilo ya korosho au ufuta litajwe kwa jina lake na kwa shilingi zake, pamoja na kinachokwenda kwenye chama kikuu cha RUNALI.

Hapa lazima niseme kwa kirefu. Mkulima wa kusini si mwoga. Katika mfumo wa mauzo wa stakabadhi ghalani amezoea kukusanyika mnadani, kusikia bei za wanunuzi zikisomwa mbele yake, na kuzikataa zikiwa duni. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa hadharani, na nchi nzima ikasikia. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzisomba, ingawa wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Mtu mwenye ujasiri huo mbele ya mnunuzi kwa nini anakuwa bubu mtendaji anaposoma hesabu za zahanati? Kwa sababu mnunuzi hurudi Dar es Salaam, na mtendaji hubaki. Mtendaji ndiye anayeandika barua ya utambulisho ya mtoto anayetafuta kazi. Majina ya kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF yanapita kijijini. Orodha ya salfa ya mikorosho na pembejeo za ruzuku inapita kijijini. Mtu hahitaji kutishwa kwa polisi, inatosha akumbuke orodha.

Kwa hiyo msimlipizie aliyesema. Amri hii iko juu ya nyingine zote, na ikivunjwa, kipaza sauti na turubai havina kazi. Aliyeuliza swali Machi, kisha jina lake likaondoka kwenye orodha yoyote kabla ya Juni, mtendaji asimame mbele ya mkutano wa Juni aeleze sababu bila kuulizwa. Msimwite nyumbani usiku “mkayamalize”. Msimtume mjomba wake akamwonye. Msiliite swali uchochezi. Mwalimu Nyerere aliandika “Tujisahihishe” mwaka 1962 akiwaambia wanachama wa TANU wenzake wakubali kukosolewa, na mwenyekiti wa kijiji si mkubwa kuliko TANU ile.

Nanyi wananchi, msimwachie mtu mmoja mzigo. Mnamsukuma mbele, mnampigia makofi, kisha akiandamwa mnasema alizidi mdomo. Huo ni usaliti. Swali zito liulizwe na watatu, kutoka vitongoji vitatu.

Usitukane. Ukisema fedha zimeliwa, njoo na namba ya risiti au kitu ulichokiona kwa macho yako. Usimtuhumu mtu uchawi mbele ya mkutano hata kwa mafumbo. Tuhuma hiyo imeua wazee wasio na hatia katika nchi hii, na mwenyekiti aikate palepale.

Wapeni wanawake kipaza sauti kabla hawajakiomba. Katika koo za Kimwera na Kimakonde mtoto amehesabiwa kwa mama yake tangu enzi, halafu mkutanoni mama huyo anakalishwa mkekani nyuma ya viti vya wanaume. Viti vichanganywe. Bibi akitaka kusema Kimwera, aseme, na mjukuu atafsiri.

Msigonge muhuri wa ardhi kabla ya kuuliza mkutano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Hili lina uzito mkubwa sasa, Ruangwa inapotafutwa kwa ajili ya madini ya kinywe na Nachingwea kwa ajili ya nikeli ya Ntaka Hill. Kitajeni kila kipimo: ekari ngapi, fidia kiasi gani, italipwa lini, makaburi yatahamia wapi. Nachingwea inajua gharama ya mipango inayoletwa ikiwa imeshapikwa. Mpango wa Karanga wa Waingereza uliamuliwa London, ukaanza 1947, ukaachwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo kata ya Stesheni haina treni.

Andikeni muhtasari siku hiyohiyo. Kila swali liwe na jina la anayedaiwa jibu na tarehe ya kulileta. Lisilojibiwa libaki juu ya orodha mkutano ujao, na lisomwe kwanza. “Tumelichukua” si jibu.

Miezi mitatu ikipita bila mkutano, msinung'unike vijiweni. Mwandikieni mwenyekiti, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, na mdai nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wekeni sahihi nyingi, na ziandikwe kwa duara, ili asiyekitakia mema kijiji asijue nani alianza.