Tusingoje Matokeo ya Mtihani wa Mwisho



Vikundi vyetu vingi vina mfuko wa elimu. Tunachanga kila mwezi, tunauza mayai na mboga, tunafanya harambee. Halafu matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yanapotoka ndipo tunaketi kuulizana ni nani ataenda chuo. Saa hiyo karatasi imeshasema. Mtoto aliyehitaji C+ ya KCSE ili asomee digrii, kama amepata D, mkutano wetu hauna la kufanya ila kumpa pole na kumtafutia njia nyingine. Na bado, dalili zilikuwapo tangu mwaka wake wa kwanza sekondari. Zilikuwa kwenye rejista ya darasa na kwenye ripoti fomu, ile ambayo mzazi huiangalia nafasi tu, kisha akaikunja na kuiweka kwenye sanduku.

Somo la leo ni jinsi ya kuzisoma dalili hizo. Tutaanza mbali kidogo, Chicago huko Marekani, kwa sababu watu wa huko walizihesabu kwa uangalifu kwa miaka mingi.

Msidhani kwamba kwa kuwa ni Marekani basi mambo yalikuwa rahisi. Shule za serikali za mji ule zina watoto wengi wa familia maskini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu nusu ya walioingia sekondari hawakuwa wakimaliza kwa wakati. Sekondari yao ni miaka minne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua rekodi za wanafunzi, wakawafuata tangu kuingia hadi kutoka. Mwaka 2005 wawili kati yao, Elaine Allensworth na John Easton, walitoa taarifa iliyowashtua walimu wengi.

Walikuwa wameuliza swali dogo. Mwisho wa mwaka wa kwanza, je, mtoto huyu amepata masomo ya kutosha kumvusha mwaka wa pili, na je, ameanguka si zaidi ya mara moja katika masomo makubwa kama Kiingereza na hesabu? Akitimiza yote mawili, walimhesabu kuwa yuko njiani. Kati ya kila 100 waliokuwa njiani, 81 walimaliza shule kwa miaka minne. Kati ya kila 100 waliokuwa wametoka njiani, waliomaliza ni 22 tu.

Sasa sikilizeni hili, nami naomba msomaji wa kikundi alirudie mara mbili. Kulikuwa na watoto walioingia sekondari na alama za chini kabisa za shule ya msingi, lakini mwaka wa kwanza wakashika njia: 68 kati ya 100 walimaliza. Kulikuwa na wengine walioingia na alama za juu kabisa, wakateleza mwaka wa kwanza: waliomaliza ni 37. Yaani yule tuliyemwita mjinga alimpita yule tuliyempigia vigelegele. Mimi naona tunapoteza watoto wengi kwa kuamini kwamba mwenye akili hahitaji kuangaliwa.

Ni nini kiliwatoa njiani? Walipochimba zaidi, mwaka 2007, walikuta kwamba siku za kutokuwa shuleni zinaonyesha mapema nani ataanguka, kuliko hata alama alizotoka nazo msingi. Mwaka wao una vipindi viwili. Waliokosa chini ya siku 5 katika kipindi, 87 kati ya 100 walimaliza. Waliokosa wiki moja hivi, walishuka hadi 63. Wiki moja tu!

Shule zikaanza kufanya hivi: kila baada ya wiki chache walimu wa mwaka wa kwanza wanapewa orodha ya watoto wao yenye siku walizokosa na masomo wanayoelekea kuanguka. Wanaketi, wanauliza kwa nini, wanapiga simu nyumbani, wanapanga nani amsaidie hesabu. Walio njiani waliongezeka kutoka asilimia 57 mwaka 2007 hadi asilimia 82 mwaka 2013. Wengine walinong'ona kwamba walimu wanagawa alama za bure. Ni wasiwasi wa haki, maana namba ikipewa uzito sana mtu hushawishika kuipamba. Lakini watafiti walipofuatilia walikuta nafuu ile inaonekana mwaka wa pili na wa tatu pia, na waliomaliza shule wakaongezeka.

Kuhusu chuo, kulikuwa na shimo lingine. Kuna fomu ya kuomba msaada wa fedha kwa serikali. Kati ya wanafunzi waliokwisha kukubaliwa chuo cha miaka minne, waliojaza fomu hiyo walijiunga 84 kati ya 100; wasiojaza, 55. Walikuwa wamefaulu, wakazuiwa na karatasi. Baadaye shule zikaanza kufuatilia jina kwa jina nani amejaza na nani bado.

Namba za Chicago ni za Chicago, tusizibandike juu ya watoto wetu. Tunachochukua ni namna ya kuangalia. Na hapa kwetu siku za kukosa shule zina sababu ambayo kikundi kinaijua vizuri: karo. Tuseme muhula una wiki 13. Mtoto anatumwa karo wiki ya tatu, anakaa nyumbani siku 6. Wiki ya tisa anatumwa tena, siku 4. Hizo ni siku 10, wiki mbili nzima, na kikundi bado kinajivunia kwamba karo ililipwa yote mwisho wa muhula. Pesa ni zile zile. Zingetoka wiki ya kwanza, hata kama ni nusu, pamoja na barua ya kikundi kwa mwalimu mkuu, mtoto angekuwa darasani. Kwa maoni yangu hili peke yake linatosha kutufanya tubadilishe tarehe za michango. Wasichana wengine hukosa kwa ajili ya sodo. Wavulana kwa mifugo au kazi ya kibarua. Hamtajua bila kuandika.

Basi katibu afungue ukurasa mmoja kwa kila mtoto, kuanzia mwaka wa kwanza wa sekondari, ambao kwa mtaala mpya ni Gredi ya 10. Kila muhula aandike siku alizokosa, sababu, na masomo aliyoanguka. Katika mwaka wa mwisho aongeze vitu vya chuo: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha kifo cha mzazi kwa yatima, maombi ya KUCCPS, maombi ya mkopo wa HELB. Cheti kilichopotea huchukua muda kupatikana, kwa hiyo kitafutwe mapema.

Neno moja juu ya daftari hilo. Lisisomwe mbele ya mkutano. Mzazi akubali kwanza, maana habari za mtoto zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na katibu azungumze na mzazi pembeni. Mtoto akisikia jina lake limetajwa sokoni, kesho atakosa shule kwa aibu, na hapo tumeongeza siku badala ya kupunguza.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Watoto tunaowalipia walikosa siku ngapi muhula uliopita? Kama hatujui, nani atakwenda kuuliza shuleni, na lini?

Mfuko wetu hutoa karo wiki gani ya muhula?

Ni nani kati yetu anaweza kukaa na mtoto aliyeanguka hesabu, hata kama ni Jumamosi moja moja?