Kujithamini kwa Vijana Balehe: Msingi wa Uamuzi Mwema

Binti wa miaka 15 anatoka nyumbani kwao Lemara, jijini Arusha, kwenda shule. Wiki ya kwanza dereva wa bodaboda anampa lifti bila malipo. Wiki ya pili anampa fedha ya chipsi. Wiki ya tatu anadai alipwe kwa namna nyingine. Mfano huu hauna jina la mtu, lakini wazazi na watoa huduma za afya wanaufahamu vyema. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito.

Mara nyingi binti kama huyu anazijua hatari, amefundishwa darasani. Anachokosa ni imani kwamba "hapana" yake ina uzito.

Maana ya kujithamini

Kujithamini ni hali ya mtu kujiona ana thamani hata anaposhindwa. Si sawa na kujiamini, ambako ni kuona kwamba jambo fulani unaliweza. Wala si kiburi, kwani mwenye kiburi hujikweza kwa kuwashusha wengine.

Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Katika umri huo sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, bado inakomaa, huku maoni ya marafiki yakipata nguvu kubwa. Kijana anayejiona duni huweza kukubali jambo asilolitaka ili tu asitengwe.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Sifa tupu hazijengi. Kijana aliyefeli akiambiwa "wewe ni bora kuliko wote," humwona msemaji kuwa hasemi kweli. Yafuatayo hufaa zaidi:

- Kusifu tendo mahususi: "Umemsaidia mdogo wako hesabu mpaka ameelewa."
- Kumpa jukumu la kweli, kama kupanga matumizi ya fedha ya sokoni, na kumwacha ajifunze akikosea.
- Kukosoa kosa bila kumtukana mkosaji.
- Kufanya naye mazoezi ya jibu mapema: "Ahsante kaka, natembea na wenzangu."

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, anayekunja kwa nguvu kupita kiasi huvunja.

Wajibu wa mtoa huduma

Kijana anayefika kituoni peke yake amekwisha kufanya uamuzi mmoja mwema. Akipokewa kwa swali, "Wewe mtoto, unatafuta nini hapa?" huenda asirudi tena. Akiambiwa, "Karibu mdogo wangu, tukae faragha tuzungumze," hupata ujasiri wa kueleza shida yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Heshima na usiri ndivyo vinavyoifanya haki hiyo itumike.

Kijana anayejitenga, anayepoteza usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, apelekwe kituo cha afya. Anayetamka kutaka kufa asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Mipaka yake

Kujithamini hakulipi nauli wala hakumzuii mtu mzima mwenye nia mbaya. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na jukumu la kumlinda ni la watu wazima. Anayeshawishiwa au kunyanyaswa asilaumiwe. Yeye au jirani apige simu ya bure namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Binti wa Lemara anahitaji mambo mawili: kuamini kwamba anaweza kukataa, na kuwa na mtu mzima wa kumweleza jioni ileile, atakayemsikiliza kabla ya kumhukumu.