Khabari za Ayubu bin Suleiman wa Bundu, Aliyeuza Watu Kisha Akauzwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika mazungumzo yetu ya barazani husikiwa sana neno hili, kwamba biashara ya kuwapeleka watu utumwani Amerika ilikuwa ni kazi ya Wazungu, na kwamba sisi Waislamu hatuna fungu katika aibu yake. Sehemu ya neno hili ni kweli. Tangu mwanzo wa karne ya kumi na sita hata mwaka 1867, watu wapatao 12,500,000 walipakiwa merikebuni katika pwani za Afrika kupelekwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na katika hao yapata 1,800,000 walifia njiani. Merikebu zilikuwa za Wareno, Waingereza, Wafaransa, Waholanzi na wenzao, na mashamba ya miwa, tumbako na pamba yalikuwa yao pia. Lakini yule mtu alifikaje ufukweni, na ni nani aliyemfikisha? Kwa ajili ya suala hili twataka kuwasimulia wasomaji khabari za Muislamu mmoja, ambaye mambo yake yaliandikwa na watu waliomjua uso kwa uso.

Naye ni Ayubu bin Suleiman, katika Wafulani wa ukoo wa Diallo, mwenyeji wa Bundu, nchi iliyo baina ya mto Senegal na mto Gambia. Baba yake alikuwa imamu, naye mwenyewe aliihifadhi Kurani Tukufu tangu ujana wake. Yapata mwaka 1730 baba yake alisikia kuwa merikebu ya Waingereza imetia nanga katika mto Gambia, akamtuma mwanawe apeleke watu wawili akawauze, na kwa thamani yao anunue karatasi na vitu vinginevyo.

Msomaji asiipite kwa haraka khabari hii ya karatasi. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya ilimu, na karatasi ilitakiwa kwa kuandikia ilimu. Na bei yake ilikuwa ni wanadamu wawili, ambao aliyeyaandika haya hakutaja hata majina yao.

Ayubu hakuafikiana bei na nakhodha, jina lake Pike. Baba yake alikuwa amemkataza kuvuka mto, kwa kuwa ng'ambo ya pili walikaa Wamandinka waliokuwa adui zao. Yeye akavuka, akawauza wale wawili kwa ng'ombe. Katika kurejea akapumzika nyumbani kwa rafiki yake kwa sababu ya jua kali, akazitundika silaha zake ukutani. Wakaingia watu ghafula, wakamkamata yeye na mkalimani wake. Kisha wakawanyoa vichwa na ndevu, ili waonekane kuwa ni mateka wa vita. Wakampelekea nakhodha yule yule Pike, naye akawanunua.

Kunyolewa huku ndiko kunakostahili kuzingatiwa. Kwa nini wezi wale walijitaabisha kwa wembe? Kwa sababu walijua kwamba mtu mngwana hauziki kwa haki, basi ilipasa atiwe alama ya uongo. Na katika sharia yetu jambo hili li wazi: asli ya mwanadamu ni ungwana, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu Siku ya Kiyama wa mtu aliyemuuza mngwana akala thamani yake. Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu, ambaye naye alichukuliwa mateka mpaka Marrakesh mwaka 1594, aliandika risala mwaka 1024 wa Hijra, yaani 1615, akabainisha kwamba weusi wa mtu si sababu ya kumtia utumwani, na kwamba Waislamu wa Sudani ni wangwana kama Waislamu wengine. Ilimu basi haikukosekana. Kilichokosekana ni mnunuzi wa kuuliza: mtu huyu amepatikanaje?

Na sisi wa pwani hii tusijifanye wageni wa suala hilo. Soko la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 katika zama za Seyyid Barghash, baada ya Waingereza kumshurutisha. Utumwa wenyewe ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Mombasa mwaka 1907. Kabla ya hapo walipitishwa Kilwa watu wengi mno waliotolewa nchi za Nyasa, nao walinunuliwa na watu wenye kusali sala tano. Waliouliza walikuwa wachache.

Turejee kwa Ayubu. Nakhodha alimruhusu apeleke salamu kwa babaye aletewe fidia, lakini merikebu ikang'oa nanga kabla ya jawabu. Akauzwa Maryland, akatiwa katika shamba la tumbako. Alikuwa akienda kusali mwituni, na mtoto mmoja wa Kizungu akimfuata, akimcheka na kumrushia mchanga usoni. Akatoroka, akakamatwa, akafungwa jela mwaka 1731. Huko Muingereza aitwaye Thomas Bluett alimwona akiandika Kiarabu, akalitamka jina la Allah na la Muhammad, na alipopewa mvinyo akaukataa. Ndipo ilipojulikana kuwa ni Muislamu. Barua aliyomwandikia baba yake ilifika London mikononi mwa James Oglethorpe, mkubwa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, nayo ni kampuni iliyouza watu kwa maelfu. Huyo akaweka dhamana ya pauni 45, na Ayubu akaletwa Uingereza mwaka 1733. Akaandika huko misahafu mitatu kwa hifadhi yake bila ya kutazama popote. Wakubwa wakastaajabu, wakachanga fedha, akaachwa huru.

Mwaka 1734 alirejea Gambia kwa merikebu ya Kampuni ile. Baadaye ikamfikia khabari kuwa baba yake amekufa, na mmoja wa wake zake ameolewa na mume mwingine. Akamsamehe, akasema kuwa walimdhani amekwisha kufa. Francis Moore, karani wa Kampuni aliyekuwa naye siku zile, ameandika pia kwamba Ayubu alifanya biashara kwa baadhi ya mali aliyokuja nayo, akanunua farasi wawili na mtumwa mwanamke.