Maji ya Kisima na Karo la Jirani

SWALI: Bwana Daktari, nyumbani kwetu Ng'ambo tuna kisima alichokichimba babu yetu, na maji yake ni maangavu, hayana harufu. Mwaka jana jirani alijenga nyumba na kuchimba karo, hatua kama kumi na tano kutoka kisimani. Tangu masika watoto wanaharisha kila mara. Nina pia mtoto mchanga wa miezi miwili anayekunywa maziwa ya kopo. Mama mkwe anasema maji yakichemshwa yatosha. Je, ni kweli? — Msomaji, Unguja

JIBU: Binti yangu, mama mkwe wako amesema nusu ya kweli, nayo ni nusu yenye manufaa makubwa; lakini ile nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mtoto wako mchanga kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani humo, na kwa sababu hiyo niwie radhi nikianza na ardhi kabla sijafika kwenye sufuria.

Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo asili yake ni bahari, na ambalo kwa dahari nyingi mvua imelila na kulitia nyufa na mapango. Mahali penye udongo mzito au mchanga laini, maji machafu yanayozama huteremka taratibu, na vijidudu vyake aghalabu hunaswa au kufa kabla ya kuyafikia maji ya chini; ndiyo maana wataalamu wakaweka kanuni kwamba choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 walau, na kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji ya chini kwa mita moja na nusu. Jiwe letu, kinyume cha hayo, ni kama kifumbu kilichotoboka, ambacho hupitisha tui pamoja na machicha yake. Ufa mmoja tu waweza kuyachukua maji ya karo mpaka kisimani kwa muda mfupi, bila ya kuyachuja kitu. Basi hata hizo mita 30 si dhamana kwetu, seuze hatua kumi na tano.

Tena makaro mengi ya mjini hujengwa kuta za matofali na kuachwa chini bila ya sakafu, kusudi maji yazame na shimo lisijae upesi. Kiangazi madhara yake hayadhihiriki. Yakija masika, maji ya chini hupanda, nawe waweza kulihakiki jambo hili kwa kamba ya ndoo yako, kwani ile uliyokuwa ukiiteremsha pima nne sasa hugusa maji kwa pima tatu. Na maji hayo hayo yaliyopanda kisimani yamepanda pia chini ya karo, yakakutana na uchafu uliokuwa ukiyangoja. Kuharisha kwa watoto tangu masika, basi, kuna kila dalili ya kutoka humo.

Maradhi yanayosafiri kwa njia hii tunayajua: kuhara, homa ya matumbo, maradhi ya ini yanayogeuza macho kuwa manjano, na kipindupindu. Visiwa hivi vimekwisha kulipa thamani kubwa kwa hicho cha mwisho. Mauti ya mwaka 1869 na 1870 yaliandikiwa kitabu na Daktari James Christie, tabibu wa Sultani, kilichochapishwa London mwaka 1876, na Sayyid Barghash katika utawala wake aliyaleta mjini maji ya chemchemi ya Bububu kwa mfereji. Dhidi ya vijidudu vyote hivyo moto ni silaha tosha: maji yatokote hasa kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, yatekwe kwa kata yenye mpini mrefu, wala mkono usiingie mtungini. Hapo mama mkwe ana haki.

Lakini mkojo na kinyesi vikioza ardhini huzaa chumvi iitwayo nitrati, isiyo rangi wala harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Mvuke huondoka, nitrati hubaki. Kwa hiyo kadiri unavyoyachemsha maji ndivyo inavyozidi ndani ya kile kilichosalia. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita, na mpaka huo umewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Tumboni mwao nitrati hugeuka nitriti, nayo huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, na mtoto anayeharisha yumo hatarini zaidi. Tazama midomo, ulimi, ufizi na kucha zake: vikigeuka rangi ya buluu au ya majivu, au mtoto akilegea na kuhema kwa taabu, usingoje asubuhi wala dawa ya nyumbani, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo nakusihi, tangu leo usimkorogee maziwa kwa maji ya kisima hicho, yawe mabichi au yaliyochemshwa. Tumia maji yaliyokwisha pimwa, au ya chupa, nayo uyachemshe. Lililo bora zaidi, nenda kituo cha afya ukamwombe mkunga akusaidie kumrudisha mtoto kwenye titi, maana maziwa ya mama hurudi kwa subira, wala nitrati anayokunywa mama haijazi maziwa yake. Watu wazima na watoto wakubwa waendelee kunywa yaliyochemshwa mpaka majibu ya kipimo yatakapopatikana.

Kipimo nacho kiombe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na utaje mambo mawili, vijidudu na nitrati, kwani kimoja hakimjulishi mtu habari ya chenzake. Chukua chupa yao iliyotakaswa, usiioshe, uifikishe ndani ya saa sita ikiwa kwenye barafu. Kijidudu cha kinyesi hakitakiwi hata kimoja katika mililita 100. Mkipima kiangazi, pimeni tena masika.

Visima vya mijini vina maadui wengine, kama mafuta machafu ya gereji, majaa, na pampu zinazovuta maji baridi hata bahari ikaingia mahali pake. Ila katika khabari yako karo latosha. Jirani yako hakukusudia uovu, na mimi sioni haki kumwachia mtu mmoja lawama ya mji mzima usio na mifereji ya maji taka ya kutosha. Mchukulie majibu ya maabara mbele ya sheha, mkazungumze juu ya kulitia karo sakafu ya saruji na kulifyonza kwa gari kila linapojaa, na nusu ya gharama, mkiweza, muibebe nyinyi.