Somo la wiki: Kimbunga kilichohamisha karafuu



Ukisikia neno karafuu, unakumbuka kisiwa gani? Wengi watajibu Pemba. Lakini zamani karafuu nyingi zilitoka Unguja. Mambo yaligeuka tarehe 15 Aprili 1872.

Siku hiyo kimbunga kiliipiga Unguja. Upepo uling'oa mikarafuu na minazi, nyumba zikabomoka, na vyombo vingi vikavunjika bandarini. Pemba, jirani wa kaskazini, ilinusurika kwa kiasi kikubwa.

Mche wa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo karafuu ziliadimika, bei ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakapata faida. Wahenga walisema: kufa kufaana. Lakini tusiwasahau waliopanda na kuchuma. Wengi wao walikuwa watumwa, na faida ile haikuwa yao.

Kwa nini vimbunga ni nadra Zanzibar? Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hivi au zaidi. Hewa yenye mvuke hupanda juu, upepo hukimbilia kujaza nafasi yake, na mzunguko wa dunia huufanya upepo huo uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo, na Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Hata hivyo, nadra si kusema kamwe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta upepo mkali na mvua katika pwani ya Tanzania.

Msamiati
Kimbunga (vimbunga): upepo mkali sana unaozunguka.
Mkarafuu (mikarafuu): mti wa karafuu. Karafuu yenyewe ni tumba la ua lililokaushwa.
Kunusurika: kuokoka katika hatari.
Kuadimika: kuwa haba, kutopatikana kwa urahisi.

Kazi ya nyumbani
1. Andika kwa wingi: Kimbunga kiling'oa mkarafuu.
2. Eleza kwa maneno yako maana ya "kufa kufaana".
3. Muulize bibi, babu au mzee mwingine, hata kwa simu: Umewahi kuona dhoruba kubwa? Nini kiliharibika? Nani alikusaidieni? Andika majibu yake kwa sentensi tano.

Wazazi, mwacheni mtoto aulize na kuandika mwenyewe. Makosa tutayasahihisha pamoja darasani.