Hesabu Usiku, Si Nchi: Kupanga Safari ya Treni Ulaya Ukiwa Upanga

Ratiba ya kwanza ya Ulaya ambayo familia nyingi za hapa mjini huiandika hufanana: Amsterdam, Brussels, Paris, Zurich, Milano, Venice, Roma, Vienna, Prague, Berlin, yote ndani ya siku 14. Sababu yake inaeleweka. Nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam ni kubwa, likizo ni moja, na ramani inaonyesha miji imebanana. Mtu anaona ni hasara kufika huko na kurudi bila kuiona yote.

Chukua kalamu tuhesabu. Amsterdam hadi Brussels ni mwendo wa saa 2 hivi. Brussels hadi Paris, saa 1 na nusu. Paris hadi Zurich, saa 4. Zurich hadi Milano, 3 na nusu. Milano hadi Venice, 2 na nusu. Venice hadi Roma, karibu 4. Roma hadi Vienna ni treni ya usiku ya zaidi ya saa 13. Vienna hadi Prague, 4, na Prague hadi Berlin, 4 na ushee. Zinakaribia saa 40 za kukaa kwenye behewa.

Hizo ni saa zinazoandikwa kwenye tiketi. Zisizoandikwa ndizo zinazochosha: kufunga begi, kuamsha watoto, kurudisha ufunguo, kutafuta stesheni, kisha kufika mji mpya saa 7 mchana na kuambiwa chumba hakitakuwa tayari mpaka saa 9 alasiri. Mimi huhesabu kwamba kila kuhama kunakula nusu siku. Kuhama mara 9 ni siku 4 na nusu. Ondoa siku ya kufika na siku ya kuondoka, zinabaki siku 7 na nusu za kugawana miji 10. Hata siku nzima kila mji haupati.

Ndiyo maana nashauri uache kuhesabu nchi, uhesabu usiku. Andika kila mji na usiku utakaolala hapo. Mji wenye usiku mmoja ufute. Wenye usiku miwili ujiulize mara mbili. Kwa siku 14, miji mitatu inatosha, na minne ndiyo mwisho. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, baki na mitatu.

Hesabu hiyo ya usiku ina kazi nyingine kubwa kwa mwenye pasipoti ya Tanzania. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote 29 za eneo hilo, lakini huombi popote unapotaka. Unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi; muda ukilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Ubalozi wa Italia uko hapa hapa Upanga, Barabara ya Lugalo, lakini ukaribu huo si sababu ya kupeleka maombi yako pale kama Roma unalala usiku miwili na Paris mitano. Baadhi ya nchi hupokea maombi kupitia kituo cha wakala, kwa hiyo thibitisha mahali kabla ya kupanda bajaji. Ratiba ya miji 10 inamchanganya hata anayeisoma ofisini: haonekani mwenyeji mkuu ni nani, na kila mji unadai uthibitisho wake wa malazi. Ratiba ya miji mitatu inaeleweka kwa kutazamwa mara moja.

Tangu Juni 2024 ada ya viza hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na ihusu eneo zima la Schengen. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na mimi nisingesubiri zile siku 15 hata kidogo, maana miadi yenyewe huweza kuchelewa. Usinunue tiketi za treni zisizorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bure ndiyo ya kuambatisha.

Hapa Upanga ni nadra kukuta nyumba isiyo na shangazi, mjomba au binamu London au Leicester, basi London huingizwa kwenye ratiba kama jambo dogo. Si dogo. Uingereza haimo Schengen na ina viza yake, yenye maombi na malipo yake. Zaidi ya hapo, ukiiweka katikati, yaani Amsterdam, London, kisha Paris, utakuwa umetoka Schengen na unataka kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi. Treni ya Eurostar kutoka London hadi Paris inatumia kama saa 2 na dakika 20, lakini pasipoti zinakaguliwa London kabla ya kupanda, kwa hiyo tatizo litakukuta palepale stesheni. Weka London mwanzoni au mwishoni. Mwanzoni ni bora kwa sababu nyingine: zawadi za ndugu unazishusha siku ya kwanza, na treni unazipanda ukiwa mwepesi.

Mfano wa ratiba inayobebeka: Amsterdam usiku 4, Paris usiku 5, Zurich usiku 4. Nchi tatu, kuhama mara mbili tu. Tafuta tiketi ya ndege ya kushukia Amsterdam na kuondokea Zurich ili usilazimike kurudi nyuma. Amsterdam hadi Paris ni saa 3 na dakika 20 hivi, bila kubadili treni. Paris hadi Zurich ni saa 4. Kumbuka tu kwamba Paris ina stesheni kadhaa kubwa: treni ya Amsterdam inaishia Gare du Nord, ya Zurich inaondokea Gare de Lyon. Ukilala Paris hilo halikusumbui. Anayeunganisha siku hiyo hiyo anatakiwa ajipe zaidi ya saa nzima ya kuvuka mji.

Je, siku nne Amsterdam utafanya nini? Hapo ndipo treni zinapokuwa raha. Utrecht iko chini ya nusu saa, Haarlem ni robo saa hivi. Ukiwa Zurich, Luzern na ziwa lake ni kama dakika 50. Unaondoka na kibegi cha mkononi, unarudi jioni kwenye kitanda kile kile, na mvua ikinyesha unaahirisha bila kupoteza hata senti. Kwa njia hii utaona miji sita au saba na kulala katika mitatu.

Kuhusu tiketi, wengi huuliza juu ya pasi ya Eurail, ambayo huuzwa kwa wasioishi Ulaya na inatumika katika nchi 33. Ni pasi nzuri kwa anayesafiri sana Ujerumani, Austria au Uswisi, ambako treni nyingi unapanda bila kuweka nafasi. Lakini TGV za Ufaransa, Eurostar na treni za kasi za Italia na Hispania zinamtaka mwenye pasi alipie nafasi ya kiti juu yake, na viti vya wenye pasi havitoshi nyakati za msongamano. Kwa safari mbili ndefu kama za mfano wetu, tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema huwa nafuu. Bei ya treni za kasi hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kama ya ndege.

Kuna suala la saa, nalo linastahili uangalifu. Ratiba za Ulaya zinaandika saa 24. Treni ya 14:05 ni ya saa 8 na dakika 5 mchana kwa hesabu yetu. Ya 08:05 ni ya saa 2 na dakika 5 asubuhi. Familia ikisambaza ujumbe kwamba "treni ni saa 8", kijana ataelewa hivi na bibi vile. Andikeni tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi na mkubaliane kuzisoma hivyo safari nzima. Majira nayo yanabadili ratiba. Mwezi Juni jua la Amsterdam linazama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo hata ukifika mchana bado una siku nyingine mbele yako. Desemba linazama saa 10 na nusu jioni, na ratiba iliyojaa itaishia gizani na kwenye baridi.

Mabegi. Kwenye stesheni za Ulaya usitegemee mchukuzi. Kila mtu anabeba lake, kwa ngazi za behewa na za chini ya reli, na treni haimsubiri anayevuta masanduku mawili. Ukienda Kariakoo, chagua begi la magurudumu unaloweza kulinyanyua peke yako hadi ghorofa ya tatu. Jaketi zito si lazima liwe jipya, mitumba ya Karume ina mazuri. Ukitaka kujipima, panda SGR kwenda Dodoma na begi hilo hilo likiwa limejaa. Treni hiyo imekuwa ikifika Dodoma tangu Julai 2024, na safari ya saa chache itakuonyesha usichokihitaji. Sambusa za nyama, samli na jibini acha nyumbani: Umoja wa Ulaya unakataza wasafiri kuingia na nyama au maziwa kutoka nje, na maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Korosho za kukaanga na chips za muhogo zitawafurahisha ndugu vilevile.

Mwisho, usiku wa kuamkia ndege lala katika mji wa uwanja wa ndege wenyewe. Ufaransa na Italia zina migomo, na treni za masafa marefu za Ujerumani huchelewa mara kwa mara. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa haki ya kudai robo ya nauli treni ikichelewa kwa saa 1, na nusu ya nauli kuanzia saa 2, kwa hiyo tunza tiketi. Fidia hiyo haigusi ndege iliyokuacha.